Posa ya Mwalimu Saif

Siku ya pili ya kufundisha, Saif aliamua kuwafunza wanafunzi wake barua ya posa, kwa sababu siku ya kwanza aliwafunza tenzi na saba kati ya kumi na wawili wakasinzia.

Darasa lilikuwa juu ya maktaba ya mtaa, Kibokoni, kwa vijana wa sekondari waliotaka kuandika. Kamati ilimpa mwezi mmoja wa majaribio. Cheti hakuwa nacho. Ushairi alijifunza mwenyewe, akihesabu mizani kwa vidole nyuma ya kaunta ya duka la vipuri Makadara, na kwa maoni yake hapakubaki mtu kisiwani wa kumwongezea kitu. Maoni hayo hakuwahi kumuuliza mtu mwingine.

Akawaonyesha mfano: karatasi safi, hati ya kuringa, bahasha, kwa Mzee Faraj wa Kibokoni, kumposa bintiye Mahira. Majina aliyatunga njiani. Chini akatia sahihi yake, maana hakuona sababu ya kazi nzuri namna ile kubeba jina la mtu mwingine. Katikati akapachika shairi:

*Ewe ua lenye shani, moyo wakera, Mahira,*
*Jicho lako dirishani, kila jioni lang'ara.*

Aliisoma mara mbili, ya pili bila kuombwa.

"Na barua isiyofika si barua," akamalizia. "Kila mmoja aandike yake kwa mtu wa kweli, aifikishe."

Akaenda zake kifua mbele. Mfano wake akausahau mezani.

Kesho yake, Alhamisi, darasa likiendelea, mzee mmoja wa kanzu na kofia alipanda ngazi taratibu.

"Salaam aleikum. Saif ni nani?"

"Aleikum salaam. Ni mimi, ami. Karibu."

Saif akanyoosha kola. Alidhani sifa zake zimeanza kutembea.

"Mimi ni Faraj," mzee akasema, akatoa bahasha. "Dirisha la chumba cha Mahira latazama tangi la maji. Hilo jicho la kila jioni, lamng'aria nani? Tangi?"

Darasa zima likainama. Kanze, kiranja, akainua mkono.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeipeleka. Ulisema barua ifike. Tukadhani waona haya kwenda mwenyewe."

"Kwani yuko Mahira wa kweli?" Saif akaropoka. "Mimi nilitaka kina cha *ra*!"

"Kina," Mzee Faraj akasema. Akavuta kiti, akaketi. Akasimulia: barua ilipokewa na bibi yake Mahira, ambaye macho yake hayaoni vizuri, naye akamwomba jirani amsomee pale barazani. Kufika isha, mtaa mzima umeihifadhi. Na Mahira alikuwa keshaposwa kwengine. Watu wa upande wa mume wangekuja kesho, baada ya swala ya Ijumaa, kupokea jibu.

"Binti yangu hajala tangu jana," mzee akasema. "Wakiniuliza habari za dirisha, niwaambieje? Nataka karatasi ya kusomwa mbele yao. Na utaisoma wewe."

Mzee alipoondoka, Saif aliandika nusu saa bila kuinua kichwa. Zikatoka beti kumi na moja. Akazisoma kwa sauti, mkono mmoja hewani.

"Mwalimu," akasema Shifa, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu siku ya kwanza, "Mahira yumo ubeti wa ngapi?"

Saif akatafuta. Alikuwa ubeti wa tisa.

"Na hapo umeyasifu tena macho yake," Kitsao akaongeza.

"Hiyo ni heshima!"

"Lakini hujamwona."

"Ubeti wa nne wasema kalamu yako ni upanga," Kanze akasema. "Sasa wataka kumkata nani tena?"

Damu ikampanda. Angekuwa dukani angemwambia mteja akanunue kwengine. Alifungua mdomo awakumbushe nani ni mwalimu, akamkumbuka msichana ambaye chakula hakipiti kwa ajili ya mizani kumi na sita. Akaisukuma karatasi.

"Haya. Futeni."

Walifuta kwa furaha ambayo hakuwahi kuiona darasani mwake. Ikabaki hivi:

*Mzee Faraj, binti yako Mahira simjui na sijapata kumwona. Barua ile niliiandika kufundishia, na dirisha nililibuni ili shairi litimie. Kosa ni langu, yeye hana lolote. Naomba mnisamehe.*

"Hii angeiandika mtu yeyote," Saif akalalamika.

"Ndiyo," Shifa akasema. "Kwa hivyo wataiamini."

Ijumaa alikalishwa karibu na mlango, penye viatu vya wageni. Sauti aliyoizoeza kwa ajili ya umati ikamtoka nyembamba. Alipofika kwenye "ili shairi litimie", ami yake bwana harusi alipaliwa na kahawa.

"Yaani mkwe wetu alitajwa ili kina kipatikane?"

Sebule ikaangua kicheko. Mzee yule akajifuta ndevu. "Na shairi lenyewe, Faraj, lilikuwa zuri angalau?"

"Hata kidogo," Mzee Faraj akajibu.

Saif akaikunja karatasi. Angetukanwa, angeweza kujibu.

Nyuma ya pazia sauti ya kike ikasema, "Baba, waambie jibu ni ndiyo. Na huyo mwalimu apewe halua aende zake."

Mzee Faraj alimsindikiza mpaka kizingitini, halua ikiwa kwenye kifuko.

"Kadi za harusi," akasema, "nataka wanafunzi wako waziandike. Wewe usiguse."

"Hata anwani, ami?"

Mzee akamtia kifuko mkononi.

"Anwani waweza. Majina nitakupa mimi."