Nailoni ya Fundi Saa

Baraza tukufu la familia, yaani mwana na mkewe, liliketi sebuleni na kuamua kwa kauli moja kwamba Fundi Saa ahamie banda la uani. Fundi Saa, baba mzazi wa nusu ya baraza hilo, aliarifiwa akiwa mezani kwake, lenzi jichoni, akifungua saa ya jirani.

“Banda sawa,” alisema. “Lakini vioo vyake vilivunjika zamani, mmeziba kwa maboksi. Bila mwanga sioni kazi. Na bila kazi mimi ni mzigo tu.”

“Usiseme hivyo, baba,” mkamwana alisema, asilikanushe hata neno moja.

“Mwanga utapata,” mwana akaahidi, “na meza yako itafuata. Twende dukani ukachague mwenyewe nailoni ya dirisha. Sisi ni watu wa haki.”

Dukani, muuzaji alikunjua kwanza ile nyeusi.

“Hii imara, mzee. Hata mbu hataona pa kukuuma.”

“Kaburi nitapewa bure, kijana. Lete nyingine.”

Ya buluu, muuzaji alipoiinua mbele ya uso, ilimfanya afanane na maiti, ikakataliwa. Ya tatu ilikuwa angavu. Fundi Saa akavua saa yake ya mkononi, akamkabidhi muuzaji aishike nyuma ya nailoni, kisha akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akiwakanyaga wateja bila kuomba radhi. Kutoka huko aliuona mshale wa sekunde ukitembea.

“Hii!” alisema, sauti ikimkatika kwa furaha.

“Mzee ana macho ya mwewe,” muuzaji alisema.

“Ya kazi,” mwana alijibu, akitazama pembeni.

Nyumbani, mwana alipanda ngazi nje ya banda na nyundo yake. Fundi Saa aliambiwa aingie ndani, ainyooshe nailoni kwa mikono miwili ikae sawa. Akasimama hivyo, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, akitabasamu.

Ilikuwa angavu kweli. Aliona uani kote. Aliona mlango wa nyuma ukifunguliwa, mkamwana akitoka kinyumenyume, “polepole, msigonge ukuta,” na wanaume wawili wakiwa wameibeba meza yake. Juu ya meza, makasha ya vifaa na saa kubwa ya ukutani, imelazwa chali.

Meza haikukata kona kuja bandani. Ilinyooka hadi getini, kwenye mkokoteni wa mnunuzi wa vitu chakavu.

Mikono ikamlegea.

“Usiachie, baba! Itakunjamana!”

Akaishika.

“Meza yangu ile.”

“Pumzika sasa, baba. Umefanya kazi sana. Mwanga si umepata?”

Mkamwana alikuja hadi dirishani, akachungulia, akagonga nailoni kwa ukucha. “Safi kabisa! Sasa hata akianguka tutamwona tukiwa jikoni.”

Mkokoteni ulianza kuondoka, ile saa kubwa sasa imesimamishwa, uso ukielekea bandani. Nailoni ile, chaguo lake mwenyewe, ilimwonyesha hata mishale ya saa ya ukutani. Akaangalia saa ya mkononi mwake, kisha ile.

“Inachelewa,” alisema.

“Nini, baba?”

“Ile saa. Waambie. Inachelewa kidogo, sikuwahi kuimaliza.”

“Vuta upande wa kulia,” mwana akasema, akapigilia msumari mwingine.