Udi Uliofuliwa Mae Sot

Bi Mardhiya hakuwa na ugomvi na mtu Barking nzima, mtaa wake wa London. Majirani walimjua kwa mkate wake wa kumimina, na hata dereva wa basi alimsubiri afike kituoni. Lakini tangu mjukuu wake Afra aende Thailand kufundisha watoto, alipata mgomvi mmoja, na mgomvi mwenyewe hakujua kuwa anagombwa. Alikuwa dobi, mwanamke mzee wa Mae Sot, mji wa mpakani ambao ukivuka mto wake tu umeshaingia Burma.

Mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Kila Jumapili Afra alipiga simu ya picha, na bibi yake akauliza yote: unalala wapi, unakula nini, nani anakuonesha njia?

"Bibi, usiwe na hofu. Mji huu umezoea wageni," Afra alimwambia. Kila haja ilikuwa na mtu wake. Kulikuwa na mzee wa baiskeli za kukodi, ambaye ukipata pancha alikufuata na pampu mpaka ulipo. Kulikuwa na msichana wa duka la simu, akikuwekea laini na kukuandikia kwa Kithai anuani ya unakokwenda, usipotee. Kulikuwa na vijana wa pikipiki wenye vizibao vya rangi, na vigari vya kwenda kwenye daraja la mpakani.

"Na nguo je?"

"Nguo nampelekea Yai. Yuko mkabala na nyumba ya wageni."

"Yai? Yai la kuku?"

Afra akacheka hadi simu ikamcheza mkononi. "Huku ndivyo wanavyomwita bibi mzaa mama. Mtaa mzima unamwita hivyo."

Bi Mardhiya hakucheka. Bibi mzaa mama alikuwa yeye. Nusra, mama yake Afra, alifanya kazi hospitali zamu za usiku, na mtoto alikulia kitandani kwa Bi Mardhiya, nguo zake zikafuliwa na mikono hii, zikafukizwa udi na mikono hii, kofia ya plastiki ya kuogea ikiwa imefunika king'ora cha moshi darini kisije kikawaamsha majirani.

Basi ikawa kila Jumapili ni Yai. Yai kamshonea kifungo bila kuambiwa. Yai kamuekea mwavuli mlangoni. Na siku moja ikamponyoka Afra: "Uji wa Yai hauna sukari, ila ule niliokunywa nilipokuwa na homa ulikuwa mtamu."

"Homa gani?"

Afra akatazama pembeni. Kisha akasema polepole, kwa Kiingereza kama afanyavyo akiona aibu, kwamba aliumwa, sasa mzima, hakutaka kumtia bibi wasiwasi. Yai alibadilisha mashuka, akakaa naye, akampa uji.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mardhiya. Ulimi ulishukuru, lakini moyo uliungua kama maandazi yaliyosahauliwa katika mafuta. Mtoto wake kaumwa, na mkono ulioshika kijiko haukuwa wake!

Kesho yake akaenda kwa shoga yake Alka, aliyezaliwa Unguja, na sasa ana duka la kushona na kufua nguo karibu na stesheni.

"Alka, nataka unisaidie kufunga kifurushi. Gauni la Idi la Afra, kanga, chetezo kidogo, na udi. Nimeupika mwenyewe."

"Kanga moja tu? Doti si mbili?"

"Moja yake, moja yangu. Tukivaa, tumevaa pamoja."

Alka akamtazama juu ya miwani. "Na udi wote huo wa nini? Unamfukiza mjukuu au unamfukuza yule dobi?"

"Nani kasema dobi?"

"Mwezi mzima huzungumzi mtu mwengine! Mwanamke kafua nguo, kampa mtoto uji, wewe umenuna kama aliyeletewa mke mwenza."

"Mie sina wivu."

"Hata. Hiyo kamba unayokaza hivyo, unamkaza nani shingo?"

Bi Mardhiya akailegeza kamba. Lakini alijua anachokitaka. Udi haudanganyi. Nguo ikishanukia udi, imenukia nyumbani, na atakayeishika atajua kwamba mtoto huyu ana mwenyewe.

Kifurushi kikafika Ramadhani ikielekea mwisho. Jumapili ile Bi Mardhiya hakungoja hata salamu ziishe. "Umefukiza?"

"Nimefukiza, Bibi. Gauni, kanga, na mashati ya kazi pia." Afra akajikuna shingo. "Ila Yai kazifua tena."

"Kazifua nini?"

"Mashati, na kanga. Bibi, miezi hii huku wanachoma mashamba milimani. Mji mzima ni moshi, watu wanavaa barakoa. Nguo ikishika moshi Yai anairudisha kwenye maji, hataki mgeni wake aondoke ananuka. Na halipishi."

Bi Mardhiya akauona udi wake, aliouchochea jikoni mpaka mkono ukafa ganzi, unateremka na povu kwenye mtaro wa Mae Sot. Alikuwa amepeleka moshi kwenye mji unaokimbia moshi. Lakini hilo hakuliwaza; aliwaza kwamba yule mwanamke kamfua yeye.

"Nipe nizungumze naye."

"Bibi, hajui..."

"Nipe, Afra! Kabla funga yangu haijaharibika kwa maneno niliyonayo."

Afra akavuka barabara. Simu ikapita juu ya mifuko ya nguo zilizokunjwa, juu ya pasi, ikasimama. Bi Mardhiya akaona paji la uso. Paji tu, lenye mikunjo, na nywele nyeupe fupi. Yai alikuwa kaikamata simu karibu mno na uso, kosa lile lile ambalo Bi Mardhiya hugombwa na wajukuu kila siku.

Paji likasema maneno mengi, laini.

"Anasema samahani," Afra alifasiri. "Hakujua kama ni manukato, alidhani ni moto wa mashamba. Na anasema hatimaye kakuona. Kila nikienda kuchukua nguo ananiuliza, Jumapili umempigia yai wako wa London? Nikisema bado, hanipi mfuko mpaka nipige."

Bi Mardhiya akakaa kitako. Kumbe! Zile simu alizokuwa akizihesabu kuwa mapenzi ya mjukuu, nazo zina mkono wa dobi. Wivu ukampanda upya, mkali kuliko wa uji. Na nyuma yake, polepole, likaja jambo jengine: mwanamke asiyemjua, mbali kule, alikuwa akimshikia nafasi yake.

Maneno aliyoyapanga yakamkimbia.

"Mwambie ahsante kwa uji," akasema. "Na mwambie hivi. Siku zote nguo za mtoto ni zake, afue apendavyo. Siku ya Idi niachie mimi. Gauni lile asilitie maji. Siku moja tu."

Afra akafasiri. Paji likainama, likainuka.

Mkesha wa Idi, kule jioni, Barking mchana, Afra akapiga. Chetezo kilikuwa sakafuni kwa Yai, madirisha yamefungwa dhidi ya moshi wa milimani. Afra mikono yake ilikuwa na hina mbichi, hawezi kushika kitu. Gauni kalishika Yai.

Bi Mardhiya akaumwa na jambo hilo. Angeweza kusema mngoje hina ikauke. Badala yake akasogea kwenye simu.

"Si karibu hivyo, atalichoma! Juu. Juu kidogo. Sasa ligeuze, ndani nje." Akaonesha kwa mikono, upindo wa buibui lake ukiwa ndiyo gauni. Yai akamtazama, akainua, akageuza, moshi ukaingia ndani ya gauni ukalijaza kama kuna mtu ndani yake. Yai akavuta pumzi, akasema kitu.

"Anasema sasa anajua harufu ya bibi yangu," Afra alisema. "Hatoifua tena."

Bi Mardhiya akajifuta macho kwa upindo, akasema ni kitunguu, na kitunguu hakikuwapo.

Siku ya pili ya Idi akaenda kwa Alka na sahani ya vileja.

"Nataka kutuma kifurushi chengine."

"Cha Afra?"

"Cha yule Yai. Kanga, na udi kidogo wa kwake."

Alka akaacha cherehani. "Utampa ile kanga yako, mwenzake ya Afra?"

"Khaa! Ile simgaii mtu," akasema Bi Mardhiya, akitoa mpya mfukoni. "Huyu nimemnunulia doti yake nzima."