Kamba Nyekundu Kwenye Tondeuse

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Alhamisi, kamba nyekundu ilikuwa imefungwa kwenye kiti cha mashine. Dorothée aliiona kabla hajalifikia lango la kituo cha ufundi cha Nyabiondo. Akaacha kuzungusha pedali za mikono za kiti chake cha magurudumu na kuitazama vizuri. Jana jioni haikuwapo.

Ilikuwa mashine ya kukata nyasi, ya kuendeshwa mtu akiwa amekaa. Mtaa mzima uliiita tondeuse. Wafadhili waliituma pamoja na barua yenye sharti moja lililo wazi: mwendeshaji awe mtu mwenye ulemavu wa miguu. Dorothée alipooza miguu kwa polio akiwa na miaka mitatu. Kwa miaka tisa alikuwa amekata nyasi za kituo hicho kwa mundu, akijikokota juu ya gunia, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Barua ilipofika, kamati iliisoma mara mbili, kisha ikaamua kwamba lazima kwanza afanye jaribio. Akishindwa, usukani ungepewa Nsengimana, mpwa wa rais wa kamati, mwanamume mwenye miguu miwili mizuri ambayo haikuwahi kumpeleka kazini.

Rais mwenyewe, Papa Athanase, alikuwa amefundisha kilimo vilimani kwa miaka ishirini. Tangu astaafu hakuna aliyemuuliza kitu. Hilo halikumzuia kujibu.

“Karibu, Mama Dorothée!” aliita. “Tumekuwekea kamba. Tutakufunga muzuri, kama mutoto ku mugongo. Hautaanguka.”

“Nani alikuomba?”

“Kamati.”

“Na kamati iliuliza Élysée?”

Élysée, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu. Kwa wiki mbili yeye na Dorothée walikuwa wameibadilisha mashine hiyo. Kutoka kwenye pedali ya mwendo aliinua wenzo, fimbo ya kuendeshea iliyotengenezwa kwa bomba la maji, hadi kwenye mkono wa kulia. Ukiuachia, mashine husimama. Wenzo wa breki aliuweka kushoto. Juu ya usukani alifunga kirungu cha mti, ili mkono mmoja utoshe kuugeuza, na miguu akaitengenezea sanduku la mbao isije ikateleza chini. Kila kipimo kilichukuliwa mwilini mwa Dorothée, si mwilini mwa mtu mwingine.

“Mimi sikuulizwa,” Élysée alisema bila kuinuka. “Hii mashini haiko na chuma juu ya kichwa. Ikipinduka, mutu mwenye kufungwa anabakia chini yake. Mwenye hakufungwa anarushwa.”

“Ikipinduka!” Athanase aliwageukia watu waliokuja kutazama. “Musikie. Haijatembea, yeye ameshaipindua.”

Watu walicheka. Joséphine-Marie, katibu wa kamati, alifungua daftari.

“Niandike nini, Papa Président?”

“Andika: amekataa usalama.”

“Andika tena,” Dorothée alisema, “kitabu ya mashini, ukurasa kumi na moya, picha ya pili.”

Kitabu hicho kilikuwa cha Kijerumani. Wanakamati watano walikipokezana, wakatikisa vichwa, wakakitia kabatini. Dorothée pia hakujua Kijerumani, ila alikuwa na macho. Picha ya kwanza ilionyesha mashine ikipanda na kushuka mteremko kwa kunyooka. Ya pili ilionyesha mashine ikiuvuka mteremko kwa upana, na juu yake alama kubwa ya X ya kukataza.

“Picha!” Athanase alisema. “Minajua huu mulima toka muko watoto. Hapa kwetu kazi inavuka mulima. Ukipanda na kushuka, unapeleka udongo ku mutoni. Nani hajui vile?”

Hakuna asiyejua. Kila shamba la maharage kuanzia Nyabiondo hadi Ngungu lina mifereji inayokata mlima kwa upana, na nusu ya mifereji hiyo ilichimbwa kwa amri ya Athanase. Kwa jembe alikuwa sahihi. Dorothée aliona kwamba mzee hakuwa ametofautisha jembe na mashine ya kilo mia mbili, na kwamba hakukusudia kuanza leo.

“Hatukati udongo, Papa. Tunakata majani.”

“Leta ufunguo. Nitakuonyesha.”

“Basi funga kamba.”

“Mimi?” Athanase alipanda, akaiacha kamba ikining'inia kando ya kiti. “Kamba iko ya wagonjwa.”

Watu wakacheka tena, Nsengimana kuliko wote.

Sehemu ya juu ya uwanja ni tambarare, na huko Athanase aliendesha vizuri, akipungia watu mkono. Kisha akaingia upande wa chini, unaoteremka hadi kwenye mtaro, akauvuka kwa upana. Mara ya kwanza alipita salama. Mara ya pili gurudumu la nyuma la upande wa juu liliinuka kiasi cha kiganja, likatua, likainuka tena na halikutua. Athanase alirushwa akaangukia mtaroni, tope likamfika kiunoni. Tondeuse ililala ubavu palepale alipokuwa amepitia akirushwa, kichwa chini. Kiti kilipobaki bila mtu, mota ilizimika yenyewe.

Hakuna aliyecheka.

“Ni umande,” Athanase alisema kutoka mtaroni. “Majani iko na umande.”

“Umeandika saa?” Dorothée alimuuliza Joséphine-Marie.

“Saa tatu kasoro tano.”

“Andika na mahali kamba iko.”

Joséphine-Marie alishuka kuangalia. Kamba ilikuwa imebanwa kati ya kiti na ardhi. Élysée alilazimika kuikata kwa kisu. Katibu aliandika hivyo, kwa mwandiko wa kusomeka.

Wanaume sita waliisimamisha mashine. Nsengimana alitaka kuiwasha papo hapo, Dorothée akamzuia. Élysée alitoa buji inayowasha moto wa mota, akaizungusha mota hadi mafuta yaliyoingia pasipotakiwa yakaruka nje, akaipangusa buji na kuirudisha. Kazi hiyo ilichukua dakika arobaini. Kamati ilisimama pembeni na kukubaliana kuhusu umande.

Kisha Dorothée alijihamisha kutoka kiti chake hadi cha mashine, akaweka miguu yake sandukuni kwa mikono, mmoja mmoja.

“Pole pole, mama,” Athanase alimwambia. “Mulima uko mubaya.”

“Mulima uko vile ulikuwaka jana, Papa.”

Alishuka kwa kunyooka hadi hatua mbili kabla ya mtaro, akasimama, akarudi nyuma kwa kunyooka hadi juu. Kule tambarare alisogea kando kwa upana wa kisu cha mashine, akashuka tena. Hakugeuka mteremkoni hata mara moja. Mistari ilikuwa ishirini na saba. Mbele ya watu wote, Joséphine-Marie alisoma taarifa kwa sauti: jaribio limefaulu, mwendeshaji ni Dorothée. Athanase alitia sahihi na kuacha alama ya tope kwenye karatasi.

Saa tano na robo Dorothée alizima mota. Nsengimana alinyoosha mkono kupokea ufunguo. Dorothée aliutia mfukoni mwake, akafunga kifungo.