Shamba Lisilotaka Kaburi

Jeneza lilikuwa tayari ndani ya gari, nje ya ukumbi wa Kaloleni, na akina mama wa kanisa walikuwa wanamalizia wimbo wa kuaga, Lorine alipofika. Alikuwa afisa wa ile kampuni iliyomkopesha marehemu Wafula pesa za kujenga vyumba vya kupangisha kule Kayole. Nasambu, mjane, akadhani binti wa watu amekuja kutoa pole. Akainuka kumpisha kiti.

"Pole sana, Mama. Lakini mzee hawezi kuzikwa Bungoma."

"Ati nini?"

"Lile shamba lenu la kule ni dhamana yetu. Mkataba unasema hakuna kaburi mpaka mkopo uishe. Na wewe mwenyewe ulitia sahihi."

Ndiyo, alitia. Wafula alirudi kutoka kiwandani Industrial Area na karatasi nene kama Biblia, akamwambia weka hapa, na hapa, naye akaweka. Jamani, nani hujenga nyumba huku akiuliza atazikwa wapi?

"Mwanangu, kwenu ni wapi?"

"Webuye."

"Basi unajua mtu wetu huzikwa kwao."

"Najua, Mama. Ndiyo maana tukaweka hicho kipengele. Tukiliuza, nani atanunua shamba lenye kaburi la wenyewe?"

"Na bima? Si tulikuwa tunakatwa kila mwezi, mtu akifa ilipe?"

"Bima bado wanachunguza. Wakilipa, watatulipa sisi, na hapo mtakuwa huru."

"Na mpaka hapo nimweke wapi? Kabatini?"

Lorine akatazama simu yake. "Mkimzika kule mmevunja mkataba. Shamba linaenda mnadani. Mimi nimetumwa tu, Mama."

Nasambu akawatazama wanawe, ambao hawana kwingine kwa kuita kwao. Gari likageuzwa, na Wafula akazikwa kwenye makaburi ya Lang'ata, hapo hapo mjini, katikati ya watu asiowajua.

Lakini kule Bungoma kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, litaita mwingine. Kwa hiyo Mulongo, mdogo wake Wafula, akakata mgomba, akauvika koti la marehemu, wakauzika. Wazee walilia kweli, hawakuigiza.

Mwezi haukuisha, Nasambu akaitwa ofisini kwa Lorine. Akawekewa mbele picha za shamba lake. Tuta la udongo mwekundu, na msalaba juu.

"Mama, umetuzunguka."

"Hakuna mtu pale! Ni mgomba. Wewe mtoto wa Webuye, hujui mgomba?"

"Mimi najua. Wakubwa wangu watajuaje?"

"Nendeni Lang'ata mkaulize!"

"Lang'ata si dhamana yetu. Mthamini wetu yuko kule shambani sasa hivi. Piga simu ya video, wafukue tuone, yaishe. Ama niandike kuna kaburi?"

Nasambu alitamani kuipindua ile meza pamoja na picha zake. Alipiga simu. Uso wa Mulongo ukatokea, nyuma yake kijana mwenye kamera shingoni.

"Shemeji, unataka tumfukue?"

"Si yeye, Mulongo. Ni mgomba."

Mulongo akageuka kulitazama tuta. "Tulimlilia hapa, shemeji."

"Najua. Fukua."

Majembe yakaanza. Nasambu aliishika simu kwa mikono miwili, na Lorine akasogeza kiti akae karibu. Udongo ulitoka, ukatoka tena, kisha likaonekana koti la kijivu, limelowa, limefungwa vifungo vyote. Cha juu hakikufanana na vingine. Nasambu ndiye aliyekishona.

"Waambie walifungue," Lorine akasema. "Ndani ndimo tunamotaka kuona."

Mulongo akapiga magoti. Akaanza na kifungo cha juu, polepole, kama anayemvua mgonjwa nguo.

"Haraka kidogo, mzee," Lorine akasema. "Mthamini ana mashamba mengine."