Jibu Lililokwama Kwenye Plagi

Kitendawili! Dume kavaa pete, jike kavaa hesi. Wakikumbatiana nje, mvua inalala kati yao. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nachukua Duluth, maana mkasa ulitokea huko. Ni ile plagi nene ya antena, ya kukaza pete kwenye hesi, yaani mikunjo ya skrubu. Ngumu, hata uikanyage kwa buti. Ila maji haizuii.

Mjane Verna Tollefson alikuwa nyumbani kwenye redio yake ya kuongea na watu wakati Halvard Quist, jirani wa ng'ambo ya barabara, alipomuuliza hewani: "Verna, utakubali nikuoe? Ukinyamaza hadi nishushe mlingoti wangu wa antena, nitajua hutaki, nihamie kwa binti yangu Arizona."

Verna akafungua mdomo. Redio ikakoroma, ikafa. Mvua ilikuwa imepenya plagi ya nje na kuijaza kebo nzima.

"Si umwite dirishani?" kaka yake Orrin akasema. "Huyo pale, namwona mpaka masharubu."

"Swali la hewani hujibiwa hewani. Mimi nina adabu zangu!"

Orrin akafunga kebo kavu kwenye antena. Verna akalehemu plagi mpya upande wa redio, akaipuliza ikapoa. Safi kabisa! Kisha akaiona pete ya plagi, imelala mezani. Pete huvishwa kebo kabla ya kulehemu. Watu wa redio wote wanajua, na wote husahau.

"Bibi harusi kasahau pete!" Orrin akacheka hadi akashika ukuta.

"Cheka, baradhuli wee! Lete kopo lako la viungo vya kebo."

Plagi nyingine nene haikuwemo. Verna akakata kebo, akaibana kwenye plagi ya N, ambayo mvua haiiwezi, lakini haiingii kwenye mdomo wa redio ile. Akaiunga na kiungo cha BNC, cha kuzungusha robo tu: hufunga upesi, hulegea upesi. Akaiunga na SMA, kadogo ka dhahabu, hodari kwa mawimbi mafupi sana, ila huchoka kufunguliwafunguliwa. Mwisho akapata kipande chenye kichwa kinene cha kuingia redioni. Mkia mzima ukaning'inia kama soseji, Orrin kaushika kwa mikono miwili.

"Usipumue."

"Na nikipiga chafya?"

"Utaniacha mjane mara ya pili kabla sijaolewa tena!"

Ng'ambo, Halvard alikuwa anakunja kipande cha mwisho cha mlingoti, spika za masikioni bado kazivaa, waya wake ukiburuzika majanini hadi redioni; jirani husikika hata bila mlingoti.

Taa ya redio ikawaka. Verna akabonyeza kitufe.

"Halvard, nimekubali." Ng'ambo, Halvard akaanza kuukunjua mlingoti.