Kabla ya Kisu

Bi Salme alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto tangu kabla ya Ramadhani, na nusu ya mtaa wao wa Kisauni ilishajua, ila bintiye hakujua. Mama hamwonyeshi kifua mtoto aliyekinyonya. Hiyo ndiyo haya aliyolelewa nayo. Aliyeonyeshwa ni mdogo wake, Mwanakheri, na Mwanakheri, mtu asiyekosa jibu, akatoa hukumu papo hapo: "Usitiwe kisu. Ukitiwa kisu, uvimbe utatapakaa." Basi uvimbe ukakandwa kwa mafuta ya habasoda, ukasomewa, ukaachwa.

Bintiye, Nusaiba, alipokuja kujua, kilichomchoma zaidi ni kwamba kazi yake ndiyo hiyo hiyo. Kwenye maabara huko mjini hukuza seli za saratani katika visahani, akazitilia tone la kemikali, akazitazama kwa hadubini. Kabla ya tone zimeshikamana bega kwa bega. Baadaye zinaachiana, moja moja, zinaanza kutambaa kuelekea kemikali inakotokea. Tabia yao aliijua kuliko ya mumewe. Na muda wote huo mamake alikuwa chumba cha pili nyumbani, amejifunga leso.

"Mama, kisu sicho kinachoutapanya," alimwambia. "Seli huachana zikipata ujumbe. Ni kemikali tu."

"Na huo ujumbe huletwa na nani?"

"Na uvimbe wenyewe, mama. Na nyama iliyo jirani yake. Mwili wako."

Keshoye Bi Salme alikubali kwenda hospitali.

Titi likatolewa, pamoja na tezi za kwapani. Majibu yakaja kwamba seli zilishafika kwenye tezi, na kwamba lazima atiwe dawa za mshipani. Habari haikukawia kuzunguka. Mwanakheri akaja na uji wa mchele, na wanawake wawili watatu nyuma yake.

"Si nilisema? Wallahi nilisema! Kisu kimeutapanya." Akalia kweli kweli, maana alimpenda dadake. Wale wengine wakatikisa vichwa.

"Nusaiba," Bi Salme akaita kutoka kitandani.

"Abee, mama."

"Ni kisu?"

Nusaiba akabanwa. Akisema ni kisu, mamake hatajilaumu, lakini hizo dawa hatazigusa tena. Akisema kweli, atakuwa amemwambia kwamba ile miezi ya kukataa ndiyo iliyozipa seli nafasi ya kutembea. Alimhurumia mno. Uongo ulimfika mpaka ulimini.

"Si kisu, mama. Tezi zilitolewa siku moja na titi, na seli zilikuwamo tayari. Zilihama kabla."

"Zilihama nikingoja."

"Siku yenyewe siijui."

"Lakini nikingoja."

"Ndiyo, mama."

Machozi yalimtoka Bi Salme, akayaacha yateremke bila kuyafuta. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Mwanakheri, nani mwengine ulomkataza kisu?"

Mwanakheri aliinamisha kichwa. "Nyamvula. Yule wa Ziwa la Ng'ombe, auzaye samaki."

"Ana watoto?"

"Anao. Wadogo."

"Basi inuka, vaa buibui lako, umpeleke Nusaiba kwake. Mwambie nimekutuma mimi. Na uji wako uwache hapo, nitakunywa mwenyewe."