Rangi Nyekundu Chini ya Brolga

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Na mwezi ule tulipotia nanga Neiafu, huko Tonga, zilikuwa kwenye ncha ya ulimi mchana kutwa, kwa sababu ya friji.

Usidhani nalilia bia ya baridi. Nina kisukari, mwaka wa thelathini sasa. Kalamu ya insulini ninayoitumia huvumilia kukaa nje wiki chache, lakini akiba ya miezi mitano lazima ikae kwenye baridi, na friji ya mashua yetu Brolga ilizima siku ya pili baada ya kufika. Seini, mwenye mkahawa pale gatini, alinisafishia rafu nzima kwenye friji yake, akazipanga dawa zangu juu ya samaki, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Lakini friji ya Seini haisafiri.

Binti yetu alishanitafutia ndege. Baba alete mashua, mama aje kwa ndege na dawa zake kwenye kikapu cha barafu, ndivyo alivyopanga akiwa kwake Bundaberg, Australia. Mimi nilikuwa nimeapa. Tulitoka mto wa Bundaberg kwa tanga miaka miwili nyuma, mimi na mume wangu Des, na nilitaka kurudi kwenye mto ule ule kwa tanga, usukani mikononi mwangu. Nina miaka sitini na saba. Safari nyingine ya namna hiyo siipati tena.

Des ni mtu wa polepole. Aliagiza kompresa mpya kutoka Auckland, ikaja na ndege, naye akalala kifudifudi siku tatu chini ya kitanda chetu, tochi mdomoni, akitoa mashine ya zamani na kuunga mabomba mapya. Aling'oa kila kitu isipokuwa bamba la shaba lililoko nje, chini ya mashua, ambalo mabomba hupitia. Kulitoa hilo kungetaka mashua ipandishwe nchi kavu, na lenyewe halina cha kuharibika. Ni kipande cha shaba tu, ukubwa wa mche wa sabuni, kinakaa majini.

Mashine mpya ikanguruma vizuri. Kipimajoto kikashuka hadi nyuzi kumi na nne, kikagoma, na dawa zangu zinataka chini ya nane. Des akabadilisha mpira wa mlango, akaongeza sponji kwenye kuta, akakaza kila alichokilegeza. Kumi na nne. Mashine haikupumzika, betri zikawa zinakauka kabla ya jua kuchomoza, na dawa zangu zikabaki juu ya samaki wa Seini.

Pale Neiafu kila asubuhi saa mbili na nusu mashua zote huwasha redio. Mmoja huendesha zamu: hali ya hewa, nani kaingia, nani anaondoka, nani anatafuta boliti ya aina gani. Anachosema mmoja husikika kwenye kila mashua ghubani, kwa hiyo siri hakuna. Mwezi ule zamu ilikuwa ya Hanneke, Mholanzi mmoja mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Akauliza friji ya Brolga inaendeleaje. Nikamnyang'anya Des maikrofoni.

"Des amenifungia kabati linalonguruma," nikasema. "Mwenye sweta za kutunza azilete."

Ghuba nzima ikacheka. Des naye akacheka kidogo, kisha akarudi chini ya kitanda. Sikumwomba radhi. Niliona nimesema la kweli.

Jumapili Tonga hakuna kazi. Hushiki spana wala huogelei, na sisi wageni tunafuata kama wenyeji. Des akakaa juu na kile kijitabu cha mashine, alichokwisha kukisoma mpaka kurasa zikaachana, huku nyimbo za kanisani zikitushukia kutoka mlimani.

"Unajua, Gwen," akasema, "mashine haitengenezi baridi. Inahamisha joto tu. Inalitoa ndani ya sanduku, inalipitisha kwenye lile bamba, inalimwaga baharini. Sasa la kwetu linakwama wapi?"

Nikamwambia limekwama kwa fundi. Akafunga kijitabu.

Jumatatu asubuhi alinitangulia kushika maikrofoni. Kwa sauti ileile ya kuulizia boliti akasema anatafuta watu wawili wa kumsaidia kuipeleka Brolga Australia, maana mkewe atakwenda kwa ndege. Aliongea akitazama ukuta. Mke na mume wa Kijerumani wakajibu kwamba wako tayari.

Nililia, tena si kidogo. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, kisha nikavaa miwani ya kuzamia, nikachukua kikwangulio, nikajitupa majini. Masikio ya Des hayawezi kina, kwa hiyo tumbo la mashua ni kazi yangu tangu zamani. Aipeleke nani mashua, haitakwenda na ndevu za mwani.

Nilikwangua upande wa kushoto wote kabla sijafika kwenye bamba. Nikalitazama. Lilikuwa jekundu. Jekundu pyu, laini, limepakwa kwa bidii mpaka kwenye pembe, sawasawa na mashua nzima.

Nikaukumbuka mkono uliolipaka. Ilikuwa Mei, New Zealand, mashua ikiwa juu ya magogo. Des alinionyesha vipande vya zinki vinavyozuia kutu, akaniambia hivyo nisiviguse na brashi, jambo ambalo kila mwenye mashua analijua. Bamba hakulitaja. Mimi nikaona limeota kome, likaniudhi, nikalisugua na kulipaka rangi ya kuzuia viumbe wa baharini mara tatu. Nikajisifu kwamba halitaota kitu tena. Na kweli halikuota. Nililivisha blanketi, joto likakosa pa kutokea, mashine ya kwanza ikajichosha hadi kufa, na hii ya pili ilikuwa njiani kuifuata.

Nilizama na kuibuka sijui mara ngapi. Nilikwangua mpaka shaba ikang'aa, na vidole vikachubuka. Nilipopanda juu nilimwambia Des awashe mashine, ijaribiwe mara ya mwisho. Saa sita kipimajoto kilisoma kumi na moja. Saa nane kilisoma nyuzi nane. Saa kumi kilisoma nne, na mashine ikajizima yenyewe, imeshiba.  Des akaipapasa kama farasi, akasema labda gesi ya ndani ya mabomba ilihitaji kutulia.

Ningeweza kumwachia hiyo gesi yake. Nilinyamaza mpaka asubuhi, na sijivunii.

Hanneke alipofungua redio nikaomba nafasi. 

"Hapa Brolga," nikasema. "Wajerumani wetu, asanteni, njooni mle chakula cha jioni lakini safari nakwenda mwenyewe. Friji inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi tangu Des alipoifunga. Mimi ndiye niliyelipaka rangi bamba la chini, mara tatu, halafu nikamsimanga mume wangu mbele yenu nyote. Nimekosa. Des, nisamehe."

 Kisha Mfaransa wa mashua ya jirani akasema taratibu kwamba la kwake pia amelipaka. Mwingine akafuata. Hanneke akasafisha koo, akasema la kwake ni la buluu. Nusu ya ghuba ilikuwa inatafuta miwani ya kuzamia.

Des akaitoa maikrofoni mkononi mwangu.

"Gwen hajamaliza," akasema. "Yeye alipaka mara tatu. Alipokwenda kuoga mimi nikaongeza ya nne. Rangi ilikuwa imebaki."

Nikamtazama. Alikuwa anautazama ukuta.

Mchana nilikwenda kwa Seini kuchukua dawa zangu. Zilinuka samaki safari nzima.

Tulipofika Fiji nilimuuliza Des kama kweli aliongeza ile ya nne. Nilimuuliza tena Vanuatu. Mara ya mwisho nilimuuliza siku tulipoingia mto wa Bundaberg kwa tanga, usukani mikononi mwangu, binti yetu akipunga kitambaa gatini. Des alitoka chini na glasi ya maji yenye barafu tele, akaniwekea mkononi.

"Rangi ilikuwa imebaki," akasema.